Chakula cha Msumeno

2 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta napiga pasi. Nimechomoa pasi, nimefunga dirisha, nimekaa kuandika. Daftari hili ni la vipimo vya wateja, lakini kurasa za nyuma hazina kazi, na mimi nina maneno ambayo nisipoyaweka mahali yatanitoka mbele ya wifi yangu. Bado sitaki yatoke. Yana siku yake.

Niandike kwanza nilichoapa. Kaka yangu alikuwa seremala. Alifariki mwaka jana, siku ya nne baada ya kupasuliwa tumbo. Daktari alikuwa amekataza asile kitu. Zamu ya mwisho ya kumlinda hospitali ilikuwa yangu. Akaniomba uji. Akaniomba tena, akaniita kwa lile jina la utotoni, nikampa vijiko vitatu. Baadaye daktari mwenyewe aliniambia kuwa kilichomuua ni damu iliyoganda ikaenda mapafuni, uji hauhusiki. Lakini msibani wifi, mjane wake, alisimama katikati ya watu akasema, "Msiniulize mimi kilichomuua mume wangu. Muulizeni dada yake alimlisha nini."

Watu wote wakanigeukia. Sijasahau hata uso mmoja.

Kaka aliacha mjusi. Alimkuta kwenye rundo la mbao karakana, mdogo kama kidole, akamtengenezea kasha la kioo na kumwita Msumeno kwa ajili ya vijimeno vilivyopangana mgongoni mwake. Sasa ana urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi kiganja. Mwezi uliopita wifi alipanga upya nyumba, akasema hamtaki ndani. Nikambeba kuja naye huku uani kwenye chumba changu. Wifi akasimama mlangoni na kusema, "Haya, mchukue. Mikononi mwako huyo hamalizi mvua."

Ndipo nikaapa. Msumeno atamaliza mvua, tena kanenepa. Siku ya mwisho nitambeba hadi sebuleni kwake, kukiwa na wageni, nimweke juu ya meza niseme, "Wifi, huyu hapa. Na huyu pia nimemlisha mimi." Akutendaye mtende.

4 Machi

Masharti ya kaka yameandikwa kwa penseli ubavuni mwa kasha. Mdudu asizidi upana wa kati ya macho ya mjusi. Panzi atolewe miguu ya nyuma. Kimulimuli kamwe, ni sumu. Ganda la yai lisagwe, wadudu wanyunyiziwe. Nimempima Msumeno kati ya macho kwa futi yangu ya kushonea. Mteja aliyekuwa anasubiri gauni akaniuliza namshonea nini.

6 Machi

Kumbikumbi wametoka. Kala kumi na tisa. Tumbo limejaa, macho kafumba. Raha.

7 Machi

Mvua.

9 Machi

Kumbikumbi wamekwisha. Mende sitaki kumpa, huwezi kujua mende kapita jikoni kwa nani na kalamba nini.

11 Machi

Wifi kafyekesha kiwanja kizima. Mbele pamekuwa safi, ukoka umelazwa, matuta yake ya mboga yanaonekana toka barabarani. Kote kafyekesha isipokuwa nyuma ya chumba changu. Hapo majani yameachwa yanifike kiunoni. Mfyekaji alifika kwenye kona, akaangalia dirisha langu, akageuka na panga lake. Nikamuuliza, "Na huku?" Akajibu, "Huku nimeambiwa basi."

Nimeelewa. Niishi na nyoka. Mwanamke anaweza kukutukana kwa panga ambalo halijakugusa.

12 Machi

Leo kaja Pampu, yule mzee wa kupuliza dawa ya wadudu, na mtungi wake mgongoni. Kapuliza matuta ya mboga na ua wa mbele. Wifi kamsimamia tangu mwanzo hadi mwisho akiwa na fimbo mkononi, anamwelekeza kama mmoja wa watoto wa chekechea anaowafundisha. Nilifunga dirisha, harufu isimfikie Msumeno.

14 Machi

Nimeingia kwenye yale majani ya nyuma kuwinda panzi. Nina miaka hamsini na mitatu na goti moja bovu. Wale panzi wana afya kunishinda. Ninamnyemelea mmoja, nainama, naye ameshahamia kwa jirani. Saa nzima, panzi wawili, na tope mpaka kwenye shungi. Msumeno kawameza wote, akanitazama kama mtu aliyeletewa kionjo badala ya chakula.

16 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Nimepita mbele kwenye ua wa wifi, yeye akiwa ametoka, nikakuta panzi wamejaa chini ya maua, wapole, wametulia. Unawaokota tu kama vifungo vilivyomwagika. Dakika kumi, panzi kumi na wanne. Kwenye ua wake mwenyewe! Mjusi aliyemfukuza ananenepa kwa panzi wake. Nimecheka peke yangu hadi mteja akachungulia.

18 Machi

Nimeamka nikamkuta Msumeno kalala ubavu. Mjusi halali ubavu. Miguu ya nyuma inatetemeka, mate yanamtoka, shingo imepinda kama anayetaka kuangalia kitu mgongoni. Nimemuita. Nimempangusa mdomo kwa kitambaa cha pamba. Nimemwekea chupa ya maji ya uvuguvugu ubavuni, nikamfunika, nikafunga chumba na kumbeba ndani ya kapu la nguo hadi kwa daktari wa mifugo.

"Mama, mimi natibu ng'ombe na mbuzi," akasema. "Mjusi sijamshika tangu nizaliwe."

"Basi mshike leo, usije ukazeeka bure."

Akamshika. Akamfungua mdomo kwa kijiti, akamnusa, akamgeuza. "Huyu kala sumu ya kupulizia. Imo ndani ya wadudu uliompa. Mwache na joto, maji tone kwa tone, chakula usimpe. Akisimama kesho kutwa, ana bahati."

Mtu aliyenikuta njiani aliniuliza nalia nini. Nikasema vitunguu.

Nimekaa naye mchana kutwa. Sare za watu hazijashonwa. Kila nikidondosha tone la maji pembeni mwa mdomo wake, naisikia ile sauti ya msibani: muulizeni alimlisha nini.

19 Machi

Hajasimama.

20 Machi

Kasimama. Miguu ya mbele tu, lakini kasimama.

Na mimi leo nimepata akili. Wifi anajua kuwa natafuta panzi. Ananiona dirishani. Akamwita Pampu, akamsimamia na fimbo, akahakikisha ua umelowa sumu, kisha akaenda zake kazini akasubiri. Alisema hamalizi mvua, na sasa anahakikisha neno lake halianguki. Alininyang'anya jina langu mbele ya watu. Haikumtosha.

Sitamtukana, maana tusi linapita na upepo. Wifi analo jambo moja analolipenda kuliko pesa, nalo ni usingizi. Anafundisha watoto arobaini kwa siku, akirudi anataka kimya. Hata cherehani yangu aliwahi kuilalamikia. Basi nitamletea kelele ambayo hawezi kuigongea mlango.

22 Machi

Nimeenda kwa Mama Kuku, mfuga kuku wa mtaa wa pili, ambaye hulisha vifaranga wake nyenje anaowafuga mwenyewe ndani ya ndoo.

"Nyenje wa nini, fundi?"

"Kuna mtu nataka kumkaribisha wageni."

Kanipa thelathini na maelekezo. Dume ndiye anayelia, kwa kusugua mabawa. Jike halii, ana kitu nyuma kama sindano, ndicho anachotagia mchangani. Ndoo iwe na trei za mayai za kujifichia, kopo la mchanga mbichi, pumba, na vipande vya karoti iliyooshwa. "Pumba hakikisha haijatiwa dawa ya wadudu," akasema. "Nyenje anakula chochote, na anayemla nyenje anakula alichokula nyenje."

Nimeshona kifuniko cha wavu kwa kitambaa cha shela. Ile shela ilibaki kwa bibi harusi mmoja ambaye ndoa yake ilidumu miezi miwili. Ni kitambaa kinachofaa shughuli hii.

25 Machi

Wameanza kulia. Watamu masikioni mwangu.

30 Machi

Msumeno sasa anatembea lakini hali. Siku ya kumi na mbili. Mbavu zinahesabika. Panzi sithubutu kumpa tena, hata wa nyuma, sumu haina mpaka. Nimeiangalia ndoo. Kila nyenje nitakayempa ni sauti moja inayopungua kwenye kisasi changu. Nimesimama katikati ya ndoo na kasha kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nikamtoa jike mmoja aliyekwisha taga, nikamng'oa miguu ya nyuma, nikampaka unga wa ganda la yai. Msumeno akamtazama. Ulimi ukatoka.

Kala.

5 Aprili

Mayai yameanguliwa! Vitoto kama chembe za pilipili manga, mamia. Nimehesabu nikachoka. Nimempa Msumeno nyenje wengine wawili wakubwa.

6 Aprili

Mvua. Wifi kapita na mwavuli, kasema, "Habari za huko." Nikasema, "Nzuri, wifi." Adui msalimie, ndivyo unavyojua kama sauti yake imechoka.

13 Aprili

Sare. Mvua. Karoti.

21 Aprili

Msumeno anarudi. Kabambua ngozi yote jana, leo mgongo unang'aa. Nawalisha nyenje vizuri kuliko ninavyojilisha, ili Msumeno ashibe na ili wale wengine wawe na mapafu, kama nyenje wana mapafu.

2 Mei

Mama Kuku kapita kuangalia. Kashangaa. "Fundi, hawa wako ni wakubwa kuliko wangu. Unawapa nini?"

Nikamjibu kuwa nawapa chuki kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Akacheka, akadhani ni utani.

12 Mei

Madume ya kwanza yameota mabawa. Chumba hakikaliki. Wateja wanauliza kama cherehani ina hitilafu.

15 Mei

Bahati imekuja na miguu yake. Wifi kaleta mapazia ya chumba cha kulala, yafupishwe pindo. Tena akaniachia ufunguo. "Nitakuwa shuleni Jumamosi, kuna mkutano wa wazazi. Ingia tu uyatundike, wifi, mimi ngazi siiwezi."

Nimeshona pindo lile kwa makini kuliko gauni lolote la mwaka huu.

17 Mei

Nimefanya.

Nyenje mia na themanini, ndani ya mfuko wa mapazia, katikati ya kitambaa. Nimewabakiza arobaini kwa ajili ya Msumeno na uzazi. Chumba chake kilinuka sabuni. Kitandani upande mmoja tu ndio uliokunjamana. Ule wa kaka ulikuwa umetandikwa na mto umewekwa. Nikaacha kuangalia. Nimetundika mapazia, nikayanyoosha, nikaufungua mfuko nyuma ya kabati. Walitoka kama watoto wa shule kengele ikilia. Nikafunga mlango, nikaweka ufunguo pale aliposema.

Mikono ilikuwa mikavu kabisa.

18 Mei

Macho yake mekundu. "Habari za kulala, wifi?" nikamuuliza. Akasema, "Mvua imetuletea nyenje." Nikamwambia pole.

20 Mei

Leo kaenda kazini amevaa blauzi kinyume, mshono nje. Mimi ni fundi, niliuona toka mbali. Sikumwambia. Nilikunywa chai yangu ikiwa na sukari ya kutosha.

22 Mei

Kasinzia kwenye ngazi za mlangoni, mkoba mapajani. Nilisimama dirishani kufurahi. Nilifurahi. Ila si kwa muda niliopanga.

25 Mei

Pampu kaja na ovaroli lake, zipu imekufa. Nikamwambia akae. Nilikuwa na maneno yake pia.

"Fundi, yule mnyama wako mzima?"

"Mzima. Wala si kwa kupenda kwako."

"Kwa kupenda kwangu kivipi?" Kanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi niliambiwa huku kwako nisidondoshe hata tone. Wifi yako alichora mstari ardhini kwa fimbo, akasimama hapo hapo. Akaniambia, usivuke hapa, huku nyuma ndiko kunakotolewa chakula cha yule mjusi wa mume wangu. Hata majani alikataza yasifyekwe, panzi wasikose pa kukaa."

Zipu ilinikatikia mkononi.

"Na panzi wa mbele?" nikauliza.

"Wa mbele si ndio niliowapulizia? Wengine hufa hapo hapo. Wengine hulewa, siku tatu nne wamezubaa tu, hata kuku mzembe anawaokota. Kwani vipi?"

"Hakuna. Mbona yeye hakuniambia?"

"Kwani nyinyi mnaongea?"

Akaendelea, maana Pampu ukimwacha anaendelea. "Sasa ananishangaza. Nyumba imejaa nyenje, hajalala wiki nzima, nimemwambia nusu saa tu nawamaliza. Hataki! Ati nyenje wakitoka na dawa miguuni, watafika kwa mjusi. Miaka kumi na saba kwenye kazi hii, sijaona mtu anakosa usingizi kwa ajili ya mjusi wa jirani."

Alipoondoka nilikaa na lile ovaroli magotini hadi giza likaingia. Panzi wa nyuma walikuwa wazima, ndiyo maana walinishinda. Nikawaacha, nikachagua wa rahisi, na wa rahisi walikuwa wanakufa. Hakuna aliyemtia Msumeno sumu ila mimi, kwa vidole hivi, nikicheka. Na methali yangu ina nusu ya pili ambayo msimu mzima nimeimeza: mche asiyekutenda.

Bado nina hasira naye. Niandike ukweli. Nina hasira zaidi ya jana, kwa sababu kaniharibia hasira yangu.

26 Mei

Sikuenda. Nilifika hadi kwenye kona, nikarudi.

27 Mei

Nimeenda. Nimebeba wavu wa shela na makopo mawili. Wifi kafungua mlango, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

"Umekuja kuwasikiliza?"

"Nimekuja kuwakamata."

Kasogea nikapita. Tumesogeza kabati, tumeinua godoro. Yeye anashika tochi, mimi napiga magoti na goti langu bovu. Tulifanya kazi karibu saa nzima bila neno isipokuwa "huyo" na "pale". Kisha nikasema, nikiwa chini ya kitanda ili nisimwone, "Wifi, ni mimi niliyewaleta."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya kwanza. Nyenje wa mvua huja wakubwa kwa wadogo. Hawa wote ni rika moja kama darasa langu. Tena wamekuja siku ya mapazia." Akavuta droo ya kabati, akatoa mtungi wa biskuti uliotobolewa kifuniko. Ndani walikuwa nyenje, wengi, na kipande cha karoti. "Niliokuwa nawakamata nawaweka humu. Humu ndani hamjapulizwa, mjusi anaweza kuwala."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utakaa siku ngapi na dhambi yako. Umenipa usiku kumi, nami nilikuwa nakuhesabia." Na yeye ana kisasi chake, kumbe. Kidogo nifurahi.

Nikatoka chini ya kitanda. Nikamwambia na habari ya panzi wa mbele, kwamba niliwaokota mwenyewe na kumlisha mwenyewe. Nilitarajia aseme lile neno la msibani. Alikaa upande wake wa kitanda akiangalia mtungi.

"Lakini uji haukumuua," nikasema. "Daktari alisema."

"Najua alichosema. Aliniambia na mimi, siku ile ile."

"Ulijua? Ulijua, na bado ukasimama mbele ya watu?"

"Nilijua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku tatu alikuwa ananiomba mimi, wifi. Siku tatu. Kidogo tu mke wangu, kijiko kimoja. Nikamnyima. Daktari kakataza, nikamnyima. Siku ya nne ukaingia wewe, ukampa. Akafa akiwa ameonja kwako. Mimi amekufa nimemnyima. Ulitaka nikupende?"

Nilikuwa na wavu mkononi na nyenje mmoja analia ndani yake. Nikamwambia, "Ungeniambia haya, nisingekuchukia mwaka mzima."

"Ningekuambia, ningebaki na nini?"

Hatukukumbatiana. Alisema hajanisamehe, na mimi nikasema vivyo hivyo. Tukamalizia nyuma ya mapazia.

31 Mei

Manyunyu tu. Wifi kalala hadi saa tatu asubuhi, nimeona mapazia yamefungwa.

8 Juni

Wiki nzima bila mvua. Msimu umekwisha na Msumeno kanenepa hadi kidevu kinaning'inia. Jana wifi alikuwa na wageni, walimu wenzake, sebule imejaa. Siku niliyoiapia ndiyo hiyo. Nilikaa kwangu nikashona.

Leo wifi kaja mwenyewe chumbani kwangu, mara ya kwanza tangu msiba. Kasimama mbele ya kasha, mikono nyuma. Msumeno akasogea akaanza kukwaruza kioo.

"Anafanya nini?"

"Anaomba."

Nikamtoa nyenje mmoja kwenye ule mtungi wa biskuti, nikamwandaa, nikampa wifi. Akarudi nyuma hatua moja. "Hapana. Mpe wewe, wewe ndiye unayejua."

"Mpe."

Akaingiza mkono. Vidole vilikuwa vinatetemeka kiasi kwamba Msumeno alikosa mara ya kwanza. Mara ya pili akamchukua, akatafuna, akameza. Wifi hakuutoa mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hayafuti.

Msumeno akarudi kukwaruza kioo.

"Wifi," akasema, bila kugeuka. "Anaomba tena."

Nikamwambia, "Mpe."